Maji Ambayo Hayakuwapo

Hoteli ya Al Khuwair, ghorofa ya pili.
Saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa.
Chupa ya kahawa, tende, karatasi za alama,
na sisi waamuzi watano tumepangwa
kama wakwe wanaongoja posa.

Filamu tatu zimebaki, kila moja na dakika zake kumi:
kwanza picha ilivyopigwa,
kisha picha ilivyovishwa.
Kanuni zasema tupime ufundi, ubunifu,
na jinsi hila ilivyoitumikia hadithi.
Hazisemi tupime kwa kiungo gani cha mwili.

Ya kwanza ina joka, limetoka Dubai,
magamba elfu arubaini, kila gamba na kivuli chake.
Mundhiri wa Kuwait anahesabu kwa kalamu:
mafundi mia na themanini,
kompyuta zilizokesha miezi kumi na minne.
"Jasho hili," asema, "tutalilipa nini?"
Joka nikalipa saba.
Nilipenda lilivyopiga chafya.

Ya pili, jiji la vioo linaporomoka.
Vumbi zuri mno.
Vumbi lililokoga.

Ya tatu haikuwa na kitu.
Mwanamke anafunga duka la vitambaa kando ya wadi.
Mvua inanyesha huko milimani, si kwake.
Anatafuta funguo mkobani.
Kisha maji.
Si ya buluu. Rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Yanaingia chinichini, bila haraka,
kama mgeni anayeijua nyumba,
yamebeba mtungi wa gesi, mlango wa friji,
na ndara moja ya mtoto
inayozunguka, inazunguka papo hapo,
kama imesahau kitu.

Nikagutuka miguu yangu iko juu ya kiti.
Mimi, mwanamke mwenye wajukuu,
buibui nimelikusanya magotini,
na Rayya wa kando yangu ananitazama.
Macho hayana pazia.

Mwaka ule wa tufani, tulipopanda dari kule Al Amerat,
mama aliniambia kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo:
"Usiyatazame maji, tazama ukuta."
Sikumsikia.
Ndiyo maana nayajua.

Akaitwa fundi mwenyewe, dakika tatu za maswali.
Yaarubu, kijana wa Ibra,
kanzu imekunjika mgongoni kwa safari.
"Maji mliyapiga wapi?"
"Hapakuwa na maji, mama. Wadi ilikuwa kavu.
Tulikuwa na ndoo mbili za kulowesha pindo la nguo."
"Na ndara?"
Akanyamaza kidogo.
"Ndara ndiyo ya kweli. Tuliikuta pale, kwenye changarawe.
Niliining'iniza kwa uzi, nikaizungusha,
kisha uzi nikaufuta."
Kengele ikalia. Dakika zake zimekwisha.

"Haya, kazi iko wapi?" Mundhiri anauliza.
"Hakuna aliyeona chochote."
Rayya akajibu kwamba kizuri chajiuza.
"Basi kimejiuza kwa mteja mmoja,"
akaniashiria miguu, tukacheka wote, na mimi nikacheka.
Nilitaka kusema kwamba mshono mwema ni ule
unaomsifu aliyevaa, si sindano;
kwamba mtu alikaa miezi na uzi mmoja
ili mimi nisiuone kamwe,
na sasa twamnyima kwa sababu hatukuuona.
Lakini Kiarabu changu kikanikwama njiani,
kama kawaida yake nikiwa na hamaki.
Nikajimiminia kahawa.

Joka kura tatu, maji mbili.
Si dhuluma. Lile joka lilikuwa joka kweli.

Jioni nikashuka mlima kurudi kwangu.
Barabara inapokata wadi
zipo nguzo za kupimia kina, nyekundu na nyeupe,
zimesimama kwenye mawe makavu, zapima hewa.
Nikapunguza mwendo. Nikasimama kabisa.
Gari la nyuma likanipigia honi, mara mbili, mara tatu,
na mimi nimekaa tu, taa zinawaka,
nangoja sijui nini
kipite kwanza.